Ukuta wa heshima kwa wanawake waliosoma shule yetu ya wasichana: tuanzie wapi tusije tukakosea?

Mwl_Chaki

Habari zenu wakuu. Shule ya sekondari ya wasichana, ya bweni, inakaribia miaka 60. Kamati imeamua mambo mawili. La kwanza ni mabango ya kudumu kwenye korido ya jengo la utawala, yanayoonyesha wanawake waliosoma hapo na kazi walizofanya. La pili ni siku moja ya kuwaalika walio hai wakae na wasichana wa sasa. Korido ina urefu wa mita 14. Ukuta mmoja ni mtupu, mwingine una madirisha na jua la alasiri linaingia. Tuna majina 31 yaliyokusanywa kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma zamani. Muda ni miezi 5.

Naomba msaada kwenye haya: majina tunayahakiki vipi? Maelezo yaandikweje? Picha nyingi ni za zamani na ndogo, zinafaa kukuzwa? Na tunachaguaje bila kuzua ugomvi?

MtunzaRejesta

Mwalimu, anzeni na rejesta ya uandikishaji. Kundi la WhatsApp huleta majina ya wanaojulikana, na humo hawakosekani waliosoma shule jirani au waliokuja kufanya mitihani tu. Kwa kila jina kati ya hayo 31 fungueni mstari kwenye jedwali: jina alilotumia shuleni, jina analotumia sasa, namba ya kuandikishwa, mwaka na kidato alichoingilia, mwaka alioondoka, ushahidi wa kwanza, ushahidi wa pili, ridhaa, mwenye picha. Jina lisilopata namba ya kuandikishwa libaki hapohapo mpaka lipate.

Kikwazo kikubwa kitakuwa majina yenyewe. Wanawake wengi hawakuondoka duniani, wala hawatembei leo, na jina lililo kwenye rejesta. Chukua Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, ambaye habari zake ziko wazi kwa umma. Alimaliza shule ya wasichana ya Loreto, Limuru, mwaka 1959, na miaka hiyo alijulikana kwa jina la dini, Mary Josephine. Mathai ni jina la ndoa ya 1969; baada ya talaka akaongeza "a" moja ndipo likawa Maathai. Anayefungua rejesta ya miaka ya 1950 akitafuta "Maathai" atakesha bure. Kwa hiyo tafuteni kwa jina la baba na mwaka wa kuingia, kisha muulizeni mhusika au ndugu yake majina yote aliyowahi kutumia: la ubatizo, la ukoo, la ndoa ya kwanza, la ndoa ya pili. Kumbukeni pia kwamba karani wa zamani aliandika alivyosikia. L na R hubadilishana, h hudondoka, na majina mawili huunganishwa kuwa moja.

Majina ya shule nayo hubadilika. Alliance Girls ya Kenya ilipofunguliwa mwaka 1948 iliitwa African Girls High School, kwa hiyo cheti cha mtu wa mwanzo kabisa hakitakuwa na jina ambalo watu wanalijua leo. Kama yenu imewahi kubadilishwa jina, bango litaje jina la wakati wake, na la sasa lifuate kwenye mabano.

Halafu kuna kugombea mtu. Mwandishi Mkenya Micere Githae Mugo alipita Alliance Girls, kisha mwaka 1961 akawa miongoni mwa wasichana Waafrika wa kwanza kupokewa Limuru Girls, iliyokuwa ya Wazungu. Shule zote mbili zina haki ya kumtaja. Andikeni miaka aliyokaa kwenu na mtaje shule nyingine aliyopita. Hilo halipunguzi chochote.

Kuhusu ushahidi: mbili zinazojitegemea kwa kila dai. Wasifu rasmi wa taasisi alikofanya kazi, kitabu cha mahafali ya chuo, gazeti la serikali lililotangaza uteuzi, gazeti la siku ya tukio. Wasifu unaosomwa msibani ni mzuri kwa majina ya ukoo lakini dhaifu kwa tarehe. Na angalieni sana ensaiklopidia za mtandaoni: makala huchukua habari kwenye gazeti lililoichukua kwenye makala hiyohiyo. Mkihesabu hapo ushahidi mbili mtakuwa mmehesabu mmoja.

KalamuNyekundu

Naongezea upande wa maandishi, maana ndiko mabango mengi yanakoaibisha shule.

Neno la hatari ni "wa kwanza". Kila mara linapoandikwa, liulizeni: wa kwanza miongoni mwa nani, kwenye nini hasa, wapi, mwaka gani? Utakuta imeandikwa Maathai ni "mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Nobel". Si kweli. Nadine Gordimer wa Afrika Kusini alipata ya Fasihi mwaka 1991. Maathai ni mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Nobel ya Amani, 2004. Julia Sebutinde, aliyesoma shule ya wasichana ya Gayaza nchini Uganda, huitwa "jaji wa kwanza mwanamke" wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Ni mwanamke wa kwanza kutoka Afrika, aliyeanza mwaka 2012. Rosalyn Higgins wa Uingereza alishaingia mwaka 1995. Asha-Rose Migiro wa Tanzania hakuwa mwanamke wa kwanza kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu Louise Fréchette wa Canada alishika nafasi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1998. Migiro, aliyeanza 2007, ndiye Mwafrika wa kwanza kuishika. Angalieni: dai sahihi kwa wote watatu ni kubwa vilevile. Hakuna aliyepungukiwa kwa kusemwa kweli, ila shule inayotia chumvi hupoteza heshima siku mgeni mmoja anayejua anapopita koridoni.

Kuna na kosa la kumpa mtu tuzo ambayo hakupata kwa sababu tunaona alistahili. Rosalind Franklin, mwanasayansi aliyesoma St Paul's Girls' School jijini London, huandikwa kuwa mshindi wa Nobel. Alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37. Tuzo ya muundo wa DNA, chembe inayobeba urithi, ilitolewa 1962 kwa Watson, Crick na Wilkins. Hata ile picha maarufu ya eksirei ya DNA, namba 51, ya mwaka 1952, aliyeipiga ni mwanafunzi Raymond Gosling, kwa usimamizi wa Franklin. Kuandika "picha iliyotoka kwenye maabara yake, chini ya usimamizi wake" ni kumtendea haki yeye na mwanafunzi.

Vyeo. "Dkt." ya tabibu si sawa na ya uzamivu, andikeni kazi yenyewe ili msomaji asibahatishe. Shahada ya heshima itajwe hivyohivyo, na isigeuzwe kuwa Dkt. mbele ya jina. Aliyekuwa waziri aandikiwe miaka ya uwaziri. Na tofautisheni "mhitimu" na "aliyesoma hapa". Mhitimu ni aliyemaliza. Aliyekaa miaka miwili akahamishwa andikeni "alisoma hapa, 1972–1974", na hakuna atakayewauliza zaidi.

Urefu: maneno 50 hadi 80 kwa kila bango. Msomaji amesimama, kengele inakaribia kulia. Futeni sentensi yoyote inayoweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine bila kubadilika, kwa mfano "alitoa mchango mkubwa kwa maendeleo ya jamii". Kipimo ni kwamba msichana wa kidato cha pili akimaliza kusoma aweze kueleza huyu mama alifanya nini kwa mikono yake. Kwa mfano, kama ukuta ungekuwa wa Loreto:

"Wangari Maathai (1940–2011). Alisoma hapa hadi 1959. Shahada ya kwanza ya biolojia, Marekani, 1964. Uzamivu, Chuo Kikuu cha Nairobi, 1971. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini walikusanya mbegu, wakaotesha miche, wakalipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Miti zaidi ya milioni 30 ilipandwa. Nobel ya Amani, 2004."

Hapo hakuna sifa hata moja, na hahitaji.

FundiMabango

Nizungumzie ukuta na picha.

Tumieni ule ukuta mtupu, lakini kwanza simameni hapo saa tisa na saa kumi alasiri muone jua la madirisha linafika wapi. Likipiga mabango moja kwa moja, rangi itapauka: nyekundu na njano huondoka mapema, watu wanabaki na nyuso za samawati. Pazia jepesi au karatasi ya kuchuja miale kwenye vioo ni nafuu kuliko kuchapisha upya. Laminesheni iwe isiyong'aa. Inayong'aa mbele ya dirisha hugeuka kioo na maandishi hayasomeki. Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono fremu za vioo koridoni.

Vipimo: bango la sentimita 60 kwa 90, limesimama, na nafasi ya sentimita 30 kati ya moja na jingine. Mita 14 zinachukua mabango 15 kwa jumla ya mita 13.2, na sentimita 40 zinabaki kila mwisho. Kama kuna milango ondoeni upana wake kwanza. Msijaze yote. Wekeni 10 sasa, nafasi 5 zibaki tupu, skrubu zikiwa tayari ukutani. Kitovu cha bango kiwe sentimita 145 kutoka sakafuni. Herufi za maelezo zisipungue pointi 24, jina pointi 70 au zaidi, maelezo ya picha pointi 18. Mstari usizidi herufi 60 hivi, jicho lisipotee likirudi upande wa kushoto.

Ubao mwepesi wa povu unafaa kwa maonyesho ya wiki moja. Kwa kudumu hupinda na pembe zake hubonyea. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) hunyonya unyevu na kuvimba ukingoni, hasa pale ambapo sakafu huoshwa kwa ndoo. Bamba jembamba la alumini lenye plastiki katikati ndilo linalodumu. Likiwa la milimita 3, tumieni skrubu nne zenye vishikizo vinavyoliacha mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite.

Sasa picha. Uchapishaji mzuri unataka nukta 300 kwa inchi. Picha ya kujaza A4 ni pikseli 2480 kwa 3508. Ikiwa na nusu ya hapo bado inavumilika kwa mtu aliyesimama mita moja, chini ya hapo uso unakuwa vigae. Picha ya karatasi ya sentimita 9 kwa 13 ukiipeleka kwenye A4 umeikuza mara 2.3, hivyo iskaniwe kwa nukta 700 au zaidi. Picha ya pasipoti haikuzwi hadi A4 hata skana ikiwa na nukta 2400, kwa sababu karatasi yenyewe haina undani zaidi. Ichapisheni kwa upana wa sentimita 8 mpaka 10, na eneo lililobaki wekeni kitu kingine: ukurasa wa kazi yake, chombo alichotumia, jengo alilosanifu.

Picha ya darasa zima ndiyo inayopotosha watu. Kwenye picha ya upana wa sentimita 20 yenye wasichana 40, uso mmoja ni kama milimita 6. Kwa nukta 600 hizo ni pikseli 140 hivi. Ukiukata uso huo ukaukuza utapata ukungu. Chapisheni picha nzima ya darasa, kisha mduara mwembamba na namba vimwonyeshe. Isitoshe, akiwa katikati ya wenzake hupendeza zaidi kuliko akikatwa peke yake.

Makosa mengine ya kawaida: kupokea picha kwa WhatsApp kama picha, ambako hubanwa. Mwambieni mtumaji aitume kama faili. Kuipiga kwa simu picha iliyo ndani ya kioo, taa ya dari inaingia. Kuskani picha ya gazeti bila kuwasha kichujio cha nukta za uchapishaji, halafu mistari ya mawimbi inatokea juu ya uso. Hifadhini TIFF (faili la picha lisilopoteza undani) kama asili, JPEG (faili dogo lililobanwa) ziwe nakala za kazi. Na picha asilia zisitundikwe kamwe. Zirudisheni kwa wenyewe ndani ya siku chache. Nyuma yake andikeni kwa penseli laini tu, na msitumie gundi wala selotepu, ambayo hugeuka njano na kung'oa sura ya picha.

Mwl_Chaki

Asanteni sana, haya ni zaidi ya nilivyotarajia. Maswali mawili. Tumehesabu: kati ya 31, wanasiasa, mawakili, madaktari na wakurugenzi ni 26. Pia mmoja amesema hataki kuwekwa, na mwingine aliondoka kabla ya kumaliza kwa sababu za kifamilia zilizo kwenye rejesta. Nao tufanyeje? Na hiyo siku yenyewe, kuna namna ya kuizuia isiwe ya hotuba tu?

BibiMaktaba

Mwalimu, 26 kati ya 31 ni dalili ya jinsi mlivyouliza. Mkiuliza "nani ni maarufu?" mtaletewa vyeo. Ulizeni upya kwa maswali matatu: nani alianzisha kitu ambacho bado kipo, nani alifanya kazi moja kwa ustadi miaka mingi hadi wengine wakaja kujifunza kwake, nani alifungua mlango ambao wasichana waliofuata walipita? Hapo watajitokeza mkunga mkuu wa wilaya, mwalimu wa hisabati, mfugaji wa mbegu bora, refa, fundi umeme, mfasiri. Pelekeni maswali hayo kwa walimu wastaafu na kwa viongozi wa kila mwaka wa kuhitimu, maana wao hukumbuka watu ambao magazeti hayawajui.

Ugomvi wa uchaguzi huzuiwa na karatasi iliyoandikwa kabla ya majina kujadiliwa. Kamati ya watu 7, wawili wakiwa wanafunzi wa sasa. Vigezo vinne, kila kimoja alama 0 hadi 5. Kila muongo wa shule uwe na angalau mtu mmoja, fani moja isizidi watatu kati ya 10. Mjumbe mwenye undugu na anayejadiliwa anatoka nje. Msipige kura kwenye kundi la WhatsApp: mwaka wa kuhitimu wenye watu wengi kundini utashinda kila mara, na wale waliosoma miaka ya mwanzo, ambao wengi hawana simu za namna hiyo, watafutika. Wekeni pia kanuni ya nafasi zilizo wazi: mbili kila baada ya miaka 3, na utaratibu wa kuondoa bango endapo jambo zito litathibitishwa. Kanuni hiyo ikiandikwa leo hakuna atakayesema imemlenga yeye.

Aliyekataa asiwekwe, wala asibembelezwe mara ya tatu. Muulizeni mara moja tu kama angependa kuja kuzungumza na wasichana bila bango; wengine hupendelea hivyo.

Kuhusu siku: hotuba ya mgeni rasmi hula saa nzima na wageni waliosafiri mbali wanaondoka bila kuzungumza na msichana hata mmoja. Geuzeni ratiba. Asubuhi, kabla ya mgeni rasmi kufika, wagawe wageni 10 kwenye madarasa 10, kila mmoja na wasichana 15, dakika 40. Mgeni ana dakika 8 za kueleza kazi yake ya siku ya kawaida kuanzia asubuhi hadi jioni, zinazobaki ni maswali. Wiki mbili kabla, wasichana wasome maelezo ya mgeni wao na waandike maswali matatu kila mmoja. Mwalimu aondoe yanayojirudia, na asiyapunguze makali. Maswali yanayozaa matunda ni ya utaratibu: ulichagua masomo gani kidato cha tatu, nani alilipa ada ya chuo, ulikosea wapi mwaka wa kwanza wa kazi, mtoto alilelewa na nani ulipokuwa safarini. Kila mgeni apelekewe ukurasa mmoja unaoeleza hayo, pamoja na ombi la kuja na kitu kimoja cha kazi kinachoshikika: ramani, sampuli ya udongo, filimbi ya refa, kitabu chenye masahihisho. Kitu mkononi huamsha maswali ambayo hotuba haiwezi.

Wawili wa kidato cha tatu wamrekodi kila mgeni dakika 30 pembeni. Simu iwe kwenye hali ya ndege, sentimita 30 kutoka mdomoni, chumba chenye mapazia au vitabu, mbali na jiko. Mwanzo wa rekodi mgeni ataje jina lake, miaka aliyosoma na kwamba amekubali kurekodiwa. Kuandika rekodi ya saa moja huchukua saa 4 hadi 6, kwa hiyo gawanyeni kazi hiyo mapema. Nakala tatu, moja nje ya shule.

Msimbo wa QR kwenye bango sipendi kwa shule ya bweni. Wasichana hawana simu, na kiungo hufa malipo ya tovuti yakisahaulika. Faili nene la maktaba lenye wasifu kamili wa kurasa 3 kwa kila mtu linawafaa zaidi.

MtunzaRejesta

Kuhusu yule aliyeondoka kabla ya kumaliza: rejesta ina mambo mengi yasiyo ya ukutani. Sababu ya kuondoka, alama za mitihani, madeni ya ada, maradhi, ujauzito, adhabu. Kinachotoka humo ni jina na miaka tu, hata kama mhusika ni maarufu na hata kama habari yenyewe inasisimua. Kama mwenyewe anataka isemwe kwamba alikatishwa masomo na bado akafika alipofika, aiandike kwa maneno yake na atie sahihi. Wasichana wa kamati wasipewe rejesta yenyewe mkononi. Mwalimu mmoja aisome, awanakilie safu zinazohitajika.

Na jambo la mwisho kabla ya kiwanda cha uchapishaji. Kila bango lichapwe kwenye karatasi ya kawaida A4, lipelekwe kwa mhusika, au kwa ndugu wawili kama amefariki, siku 14 kabla. Mwombeni azungushie duara kila jina na kila mwaka alioukagua, si kuandika "sawa" chini tu. Anayeandika "sawa" mara nyingi amesoma sifa akaruka tarehe. Karatasi hizo zenye miduara zihifadhiwe kwenye lile faili la maktaba, nyuma ya wasifu.